Mutara wa Tatu Rudahigwa: mwami aliyetaka uhuru upitie barazani

Jumamosi tarehe 25 Julai 1959, Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alifariki ghafla mjini Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, muda mfupi baada ya kumwona daktari Mbelgiji na kudungwa sindano. Alikuwa bado hajatimiza miaka hamsini. Maiti yake haikufanyiwa uchunguzi, ndiyo maana mjadala juu ya kifo hicho haujafungwa mpaka leo. Miezi michache kabla, tume iliyotumwa na serikali ya Ubelgiji ilikuwa imezunguka Rwanda na Burundi ikikusanya maoni juu ya mustakabali wa nchi hizo. Majibu yake yalikuwa hayajatangazwa. Mtu aliyeyangojea kuliko wengine wote alizikwa kabla ya kuyasikia.

Mwami huyu hutajwa zaidi kwa ubatizo wake wa mwaka 1943, au kwa kimo chake cha kiasi cha mita mbili ambacho kilimfanya aonekane juu ya vichwa vya watu katika kila picha. Makala haya yanamtazama kwa upande usiozungumzwa sana: mtawala aliyewekwa kitini na wakoloni, kisha akajaribu kuitoa nchi mikononi mwao kwa maagizo ya kisheria na vikao vya baraza, pasipo kufyatua risasi.

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911 huko Cyangugu, kusini mwa Ziwa Kivu. Alisoma Nyanza katika shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu, akajifunza Kifaransa na kazi ya ukarani, kisha akapewa uchifu. Baba yake, Yuhi wa Tano Musinga, alikataa ubatizo na hakupatana na Wabelgiji. Mwezi Novemba 1931 wakamwondoa madarakani, wakampeleka Kamembe, na baadaye Moba nchini Kongo, alikofia mwaka 1944. Mwana alitawazwa siku chache tu baada ya baba kuondolewa. Hakutawazwa na wenye siri za jadi ya ufalme, bali na gavana na askofu. Jambo hilo lilimwandama katika utawala wake wote, kwani kila alilolifanya mbele ya watu lilipimwa kwa swali moja: je, huyu ni mwami wa Wanyarwanda au ni mwami wa Wabelgiji?

Kwa miaka mingi jibu halikuwa wazi. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 21 Agosti 1925 ilikuwa imeiunganisha Ruanda-Urundi na utawala wa Kongo, na wakazi wa kiafrika hawakuwa na sauti yoyote katika kutunga sheria zilizowahusu. Machifu walikusanya kodi, wakatoa watu wa kazi za shuruti, na waliposhindwa kutimiza waliadhibiwa kama raia wengine. Vitambulisho vya miaka ya 1930 vilimwandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Katika njaa ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944 wengi walikufa na wengine wakakimbilia nje. Wazee wa huku Gisenyi waliosimuliwa habari hizo na wazazi wao wanajua jinsi njia ya kuelekea Goma ilivyojaa watu katika miaka hiyo.

Mlango ulifunguka kidogo baada ya vita. Mwezi Desemba 1946 Rwanda ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Ubelgiji ikatakiwa kuwaandaa wenyeji kwa kujitawala. Kuanzia mwaka 1948 ujumbe wa Umoja huo ulifika kila baada ya miaka mitatu kukagua mambo. Rudahigwa aliuelewa upesi mchezo huu mpya. Mkoloni sasa alikuwa na mtu wa kumuuliza maswali, na maswali hayo yaliweza kuandikwa. Mwaka 1949 alizuru Ubelgiji, na mwaka huohuo uburetwa, kazi ya bure iliyofanywa kwa ajili ya chifu, ukafutwa rasmi.

Kisha ikaja amri ya tarehe 14 Julai 1952 iliyoanzisha mabaraza kuanzia ngazi ya chini ya uchifu hadi wilaya, Kisenyi ikiwa mojawapo, kama jina la mji wetu lilivyoandikwa wakati ule. Juu kabisa liliwekwa Baraza Kuu la Nchi, likiongozwa na mwami mwenyewe. Ni vema tusilitie chumvi. Baraza hilo halikuwa bunge. Lilitoa ushauri, na agizo la mwami halikupata nguvu bila ridhaa ya Mkazi wa Kibelgiji. Hata hivyo lilikuwa na ajenda, kumbukumbu za vikao na haki ya kushauriwa, na Rudahigwa alilitumia kama mkulima anavyotumia jembe bovu wakati hana jingine.

Kazi yake kubwa zaidi ni agizo la tarehe 1 Aprili 1954, lililopitia barazani, la kuufuta ubuhake. Hapa mfasiri wa chumba cha habari hukwama. Ukiandika utumwa umekosea, na ukiandika ukabaila umesema jambo la Ulaya. Ubuhake ulikuwa mapatano. Mtu alijiweka chini ya bwana, akapewa ng'ombe wa kutunza na kunywa maziwa yake, akapata na ulinzi, naye akalipa kwa utumishi, lakini ng'ombe hakuwa mali yake. Bwana aliweza kumnyang'anya, na mtoto akaurithi utumishi wa baba yake. Agizo la 1954 liliamuru ng'ombe wagawanywe, kila mtu awe na wake. Maelfu ya familia zilimiliki mifugo kwa mara ya kwanza.

Lakini ng'ombe hula majani, na majani humea juu ya ardhi. Ibikingi, yaani malisho yaliyokuwa mikononi mwa mabwana, hayakugawanywa pamoja na mifugo. Aliyepata ng'ombe wake aliweza kujikuta akirudi kwa bwana yuleyule kuomba mahali pa kulisha. Huku kwetu Bugoyi, na katika sehemu nyingine za kaskazini-magharibi, fundo lilikuwa jingine tena: ardhi ya ubukonde, ambayo koo za waliofyeka msitu ziliwapa wageni walime kwa masharti. Agizo la ng'ombe halikuigusa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kasoro ya mageuzi ya Rudahigwa. Aliukata mnyororo mmoja, akauacha wa pili, ilhali watu walikuwa wamekwisha kuonja maana ya kukatiwa wa kwanza.

Katika elimu alikwenda mbali zaidi. Aliuanzisha Mfuko wa Mutara ili kuwalipia vijana masomo, akitaka nchi iwe na wataalamu wake siku bendera itakapobadilishwa. Waislamu na wasemaji wa Kiswahili wanamkumbuka kwa sababu yao wenyewe. Katika nchi ambayo shule zilikuwa za misheni, mtoto wa kambi ya Waswahili hakuwa na mahali pa kusoma bila kuombwa abadili dini. Shule ya Intwari ya Nyamirambo, iliyofunguliwa katika miaka ya 1950 kwa juhudi za mwami huyu aliyekuwa Mkatoliki, iliwapa watoto hao dawati.

Mwezi Februari 1957, kabla ya ujumbe mwingine wa Umoja wa Mataifa kuwasili, Baraza Kuu lilitoa waraka wa kudai Wanyarwanda waandaliwe kujitawala na wapewe madaraka zaidi. Njia ya kudai uhuru kwa karatasi haikuwa ndoto tupu. Nchini Ufilipino, wanasiasa walioshiriki katika bunge lililokuwa chini ya Wamarekani walipata mwaka 1934 sheria iliyoweka kipindi cha miaka kumi cha maandalizi, na uhuru ukaja tarehe 4 Julai 1946. Jirani zetu wa Tanganyika, waliokuwa chini ya Baraza lilelile la Udhamini, walikuwa wakielekea kwenye uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Rwanda haikuwa na ratiba ya namna hiyo. Mpango wa Maendeleo wa Miaka Kumi wa Wabelgiji ulipanga barabara na shule, lakini tarehe ya uhuru haukuitaja.

Mwezi Machi 1957 ulitoka waraka wa pili, Ilani ya Wahutu, iliyotiwa saini na watu tisa, Grégoire Kayibanda akiwemo. Hao waliuliza uhuru utakuwa wa nani, iwapo uchifu, shule za juu na Baraza Kuu lenyewe viko karibu vyote mikononi mwa Watutsi. Uchaguzi wa mwaka 1956 uliwapa wanaume wote kura katika ngazi ya chini, lakini kadiri ngazi zilivyopanda ndivyo kura hizo zilivyochujwa, hata juu ikabaki sura ileile. Mwezi Juni 1958 suala hilo lilijadiliwa barazani. Mwami alihitimisha kwa kukana kwamba kuna tatizo kati ya Wahutu na Watutsi, na Baraza likataka majina hayo yaondolewe katika hati za serikali. Kuyafuta majina ya vitambulisho lilikuwa wazo lililotangulia wakati wake. Kuwanyima walalamikaji jibu lilikuwa kosa, na wengi wao waliondoka wakiamini kwamba mlango wa baraza umefungwa.

Mwaka mmoja baadaye mwami akafariki. Tarehe 28 Julai 1959, kaburini Mwima karibu na Nyanza, mdogo wake Jean-Baptiste Ndahindurwa alitangazwa kuwa Kigeli wa Tano mbele ya Wabelgiji ambao hawakuwa wameshauriwa. Mwezi Novemba vurugu zikazuka, nyumba zikachomwa, Watutsi wengi wakauawa au kukimbia nchi. Tarehe 28 Januari 1961 jamhuri ilitangazwa Gitarama, na kura ya maoni ya Septemba mwaka huo ikauondoa ufalme. Umoja wa Mataifa ulihitimisha udhamini kwa azimio, na tarehe 1 Julai 1962 Rwanda ikawa huru, huku maelfu ya raia wake wakiisikia habari hiyo wakiwa ukimbizini.

Leo Rudahigwa amo katika orodha ya mashujaa wa taifa, katika daraja la Imena. Mjane wake, Malkia Rosalie Gicanda, alibaki nchini akiishi kimya mjini Butare hadi alipouawa mwezi Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wote wawili wamezikwa Mwima, na mwezi Januari 2017 Kigeli naye alirudishwa kutoka Marekani akalazwa karibu nao.