Frédéric Ozanam, Mwanafunzi Rafiki wa Maskini

Frédéric Ozanam alizaliwa tarehe 23 Aprili 1813 katika mji wa Milano, nchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa Wafaransa, na baadaye wakarudi kwao, wakakaa katika mji wa Lyon. Baba yake alikuwa mganga. Aliwatibu maskini wengi bila kuwatoza fedha. Mama yake naye alikwenda kuwatazama wagonjwa nyumbani mwao. Hivyo Frédéric aliona huruma kwa macho yake kabla ya kuisoma vitabuni.

Mwaka 1831 alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kusoma sheria. Mji ule ulikuwa na fahari nyingi, na taabu nyingi vilevile. Watu walikuwa wameacha vijiji vyao na kuja kutafuta kazi, lakini mishahara ilikuwa midogo. Baba, mama na watoto walisongamana katika chumba kimoja chenye giza. Wengine hawakuwa na mahali pa kulala. Mwaka 1832 kipindupindu kikaingia mjini, kikaua watu zaidi ya 18,000. Wajane na yatima wakazidi kuwa wengi.

Frédéric na rafiki zake walikuwa na mkutano wao wa wanafunzi. Humo walijadiliana juu ya historia na dini. Frédéric alijua kusema vizuri, akalitetea Kanisa kwa nguvu. Siku moja mwanafunzi asiyesadiki alimjibu kwamba zamani Wakristo walitenda mema mengi, kweli. Lakini Wakristo wa siku zile, wao walikuwa wakiwatendea maskini nini?

Frédéric akakosa jibu. Neno lile lilimchoma moyo. Angeweza kukasirika, au kutafuta maneno mengine ya kushinda. Lakini aliona kwamba mwenzake hakusema uongo. Wao walikuwa na maneno mengi na matendo machache.

Basi, tarehe 23 Aprili 1833, siku Frédéric alipotimiza miaka 20, wanafunzi sita walikutana jioni kwa mzee wao, Bwana Emmanuel Bailly. Wakapatana kwenda wenyewe kwa maskini. Yasimuliwa kwamba Frédéric na mwenzake mmoja walichukua kuni zao zilizobaki za wakati wa baridi, wakampelekea maskini.

Lakini hawakujua bado njia ya kuifanya kazi ile. Wakamwendea mtawa mmoja, Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa wake nyumba kwa nyumba. Yeye aliwaonyesha jamaa zenye shida, akawapa vikaratasi vya kupatia mkate. Tena aliwafundisha wasiwadharau maskini, bali wawaamkie kwa heshima na kuwasikiliza kwa uvumilivu.

Wale vijana hawakuwa matajiri. Walipokutana, kila mmoja alitoa fedha kidogo alizoweza. Kisha walipanda ngazi za nyumba mbovu, wakaingia vyumbani, wakaketi pamoja na wenye shida. Hawakutupa sadaka mlangoni na kukimbia. Walichagua Mtakatifu Visenti wa Paulo awe msimamizi wao, kwa kuwa yeye pia aliwapenda maskini huko Ufaransa. Wanafunzi wengine wakajiunga nao, na muda si mrefu wakawa kama mia moja.

Frédéric akaendelea na masomo, akawa mwalimu mkubwa katika chuo cha Sorbonne. Mwaka 1841 alimwoa Amélie Soulacroix, wakapata binti mmoja, Marie. Watu walimheshimu kwa elimu yake, lakini yeye hakuacha kuwatembelea maskini. Alifundisha pia kwamba sadaka peke yake haitoshi: mfanyakazi apewe mshahara wa haki, aweze kulisha jamaa yake.

Mwili wake haukuwa na nguvu. Alikufa katika mji wa Marseille tarehe 8 Septemba 1853, mwenye umri wa miaka 40. Tarehe 22 Agosti 1997, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri huko Paris, mbele ya vijana wengi. Chama kile cha wanafunzi sita kimeenea katika nchi nyingi za dunia, Afrika pia.

Mwanafunzi, labda wewe huna fedha. Lakini jamaa iliyokimbia vita ikifika kijijini kwenu, unaweza kuteka maji, kubeba kuni, na kumwonyesha mtoto wao njia ya shule. Usingoje kuwa mkubwa. Frédéric naye alianza na kuni chache.

Maulizo

1. Kwa nini Frédéric alikosa jibu?
2. Sista Rosalie aliwafundisha vijana nini?
3. Ni nani karibu na kwenu anayehitaji msaada? Utamsaidia namna gani?