Irving Langmuir, Mpimaji wa Plazma

Soma kifungu kifuatacho kisha ujibu maswali.

Irving Langmuir alizaliwa tarehe 31 Januari 1881 katika eneo la Brooklyn, jijini New York, Marekani. Alipokuwa na umri wa miaka 11 iligunduliwa kwamba macho yake hayakuona vyema. Kasoro hiyo iliporekebishwa, mambo madogo madogo yaliyokuwa yakimpita yakamdhihirikia, na hamu yake ya kuchunguza maumbile ikazidi. Alisomea uhandisi wa metali katika Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, mwaka wa 1906.

Mwaka wa 1909 alijiunga na maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka wa 1950. Siku hizo balbu za umeme zilikuwa zikiingia weusi ndani baada ya kutumika kwa muda. Wengi waliamini kuwa dawa ni kuondoa hewa yote iliyosalia ndani yake. Langmuir hakutosheka na imani hiyo, akaamua kupima. Aligundua kuwa waya wa tangsteni wenyewe ndio uliogeuka mvuke kwa joto kali, kisha mvuke huo ukaganda kwenye kioo. Badala ya kuondoa gesi, akaongeza: alijaza balbu naitrojeni au agoni ili kuzuia waya usiishe haraka, na akausokota ili usipoteze joto.

Kazi hiyo ilimvuta kuchunguza gesi inayong'aa umeme unapopita ndani yake. Gesi ikipata nishati ya kutosha, elektroni hubanduka kutoka kwa atomu zake, ikawa mchanganyiko wa elektroni huru na ioni. Mwaka wa 1928 Langmuir aliipa hali hiyo jina la plazma. Je, joto la kitu kama hicho litapimwaje? Yeye na Harold Mott-Smith walitia waya mdogo ndani ya gesi hiyo, wakabadilisha volteji yake hatua kwa hatua, na kila mara wakapima mkondo wa umeme. Kutokana na grafu ya vipimo hivyo waliweza kukokotoa joto la elektroni na wingi wake. Chombo hicho hadi leo huitwa kichunguzi cha Langmuir. Akishirikiana na Lewi Tonks, alieleza pia mawimbi ya elektroni yanayotokea ndani ya plazma. Mwaka wa 1932 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa utafiti wake wa nyuso za maada.

Hata hivyo, mganga hajigangi. Mwaka wa 1947 ndege ilimwaga barafu kavu katika kimbunga kilichokuwa baharini. Kimbunga kikageuka na kupiga pwani ya Georgia. Langmuir alishikilia kuwa barafu hiyo ndiyo iliyokigeuza, ingawa wataalamu wengi wa hali ya hewa hawakukubali. Mwaka wa 1953 yeye huyohuyo alitoa mhadhara kuhusu jinsi wanasayansi wanavyojidanganya kwa kuona wanachotamani kuona.

Alifariki tarehe 16 Agosti 1957. Miaka mitatu baadaye leza ya kwanza iliwashwa. Leza yenye nguvu ikielekezwa kwenye kipande cha metali, huigeuza sehemu yake kuwa plazma kwa muda mfupi mno. Waya ukitiwa katikati ya plazma hiyo utayeyuka na kuwa mvuke. Kwa hiyo wanafizikia hupitisha mwali mwingine wa leza na kuchunguza mwanga unaotawanyika. Mwanga huo hubeba alama za mawimbi yaleyale, ambayo sasa huitwa mawimbi ya Langmuir. Waya umeachwa, lakini swali lake la joto na wingi wa elektroni lingali lilelile.

Maswali

1. Balbu ziliingia weusi kwa sababu gani? (alama 2)
2. Eleza jinsi joto la elektroni lilivyopimwa kwa kutumia waya. (alama 3)
3. Kwa nini waya haufai katikati ya plazma ya leza, na ni nini hutumiwa badala yake? (alama 3)
4. Thibitisha ukweli wa methali "mganga hajigangi" ukirejelea maisha ya Langmuir. (alama 4)
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: yakamdhihirikia, kukokotoa, unaotawanyika. (alama 3)