Max Hoffman: Mkimbizi aliyewaagiza Wajerumani gari la kutengeneza

Mercedes-Benz 300 SL ya miaka ya 1950, ile ya milango inayofunguka kwenda juu kama mbawa za ndege, ikikarabatiwa vizuri na kutangazwa kuuzwa, bei yake kwa kawaida hupita dola milioni 1 za Marekani. Ilipoingia sokoni iliuzwa chini ya dola 7,000. Yaliyotengenezwa ni magari 1,400 tu, na mengi yalikwenda Marekani kupitia mikono ya mtu mmoja, Maximilian Hoffman, ambaye hakuwahi kuwa mhandisi wala kumiliki kiwanda cha magari. Alikuwa mchuuzi wa kuvusha bidhaa kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Hoffman alizaliwa Austria mwaka 1904. Ujanani alikuwa dereva wa mbio za pikipiki na magari, kisha miaka ya 1930 akaachana na mashindano na kufungua biashara jijini Vienna, akiingiza magari kutoka nchi za jirani na Uingereza. Mambo yalikuwa yameanza kumnyookea pale Ujerumani ya Hitler ilipoitwaa Austria mwaka 1938. Hoffman alikuwa na asili ya Kiyahudi. Aliacha biashara yake akakimbilia Paris, na vita vilipomfuata huko akavuka bahari hadi New York mwaka 1941.

Wakati huo viwanda vilikuwa vikitengeneza zana za vita, hivyo hakukuwa na gari jipya la kuuza. Hakukaa kungoja. Kwa mtaji mdogo wa kukopa alianza kutengeneza mapambo ya wanawake, ya plastiki iliyopakwa madini ing'ae kama dhahabu. Maduka makubwa yaliyapenda, na faida yake ndiyo iliyomrudisha kwenye magari.

Mwaka 1947 alifungua ofisi mtaa wa Park Avenue, moja ya mitaa ghali ya New York, akiwa na gari moja tu la kuonyesha, Delahaye la Kifaransa. Wamarekani walikuwa na magari makubwa, mazito na ya bei nafuu, na wengi hawakuona sababu ya kununua kigari cha Ulaya. Hoffman aliona kundi dogo la wenye fedha waliotaka kitu ambacho jirani hana.

Porsche ilipokuwa kampuni changa, mwenye kampuni, Ferry Porsche, alitarajia kuuza Marekani magari matano kwa mwaka. Hoffman alimjibu kuwa kama hawezi kuuza matano kwa wiki, biashara hiyo haimfai. Haikuchukua miaka mingi akavuka kiwango hicho. Baadaye aliwashawishi watoe gari jepesi, lisilo na mapambo mengi, la bei isiyofika dola 3,000. Likaitwa Speedster, na leo ni miongoni mwa Porsche za zamani zinazotafutwa sana.

Kwa Mercedes alifanya makubwa zaidi. Mwaka 1953 alikwenda Stuttgart kuwaeleza wakurugenzi kwamba gari lao la mashindano, lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1952, lingenunuliwa na watu wa kawaida wenye uwezo. Inaelezwa kuwa aliahidi kuchukua magari 1,000. Mwezi Februari 1954 gari hilo lilizinduliwa New York, si Ujerumani, jambo lisilo la kawaida kwa kampuni hiyo. Milango yake haikuwa mbwembwe tu: fremu ya mabomba ilipita juu sana ubavuni, na mlango wa kawaida usingepata nafasi.

Lakini hakupatia kila mara, na pengine hapa ndipo penye funzo la hesabu. Volkswagen, lile gari dogo la mgongo wa mviringo, aliliingiza kuanzia mwaka 1950, akauza mamia machache mwanzoni, na kufikia 1953 akawa ameliachia. Miaka michache baadaye gari hilo lilikuwa likinunuliwa Marekani kwa maelfu kwa maelfu, bila senti kuingia mfukoni mwake.

Kosa jingine liliwaumiza wengine. Aliwasukuma BMW watengeneze gari la kifahari la michezo, la kuuzwa kiasi cha dola 5,000. Gharama za kiwandani zikapanda, bei ikakaribia mara mbili ya hiyo, na wateja wakasita. BMW 507 yalitengenezwa 252 tu, kampuni ikapata hasara, na mwaka 1959 ilibaki kidogo inunuliwe na Daimler-Benz. Magari hayo ya hasara sasa yakikarabatiwa huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.

Hoffman aliendelea kuwa wakala wa BMW Marekani hadi mwaka 1975, kampuni ilipoichukua kazi hiyo yenyewe. Alifariki dunia mwaka 1981. Ukumbi wake wa kuuzia magari wa Park Avenue, uliochorwa na msanifu majengo maarufu Frank Lloyd Wright ukiwa na jukwaa la kuzunguka la kuonyeshea magari, ulidumu miaka mingi baada yake. Mwaka 2013, wakati mamlaka za jiji zikifikiria kuuhifadhi, mafundi waliingia wakaubomoa.