Margaret Trowell na Somo la Uchoraji

Katika shule nyingi za msingi, somo la uchoraji hufundishwa kwa njia moja tu: mwalimu huchora ubaoni, watoto wakanakili. Asifiwaye ni yule ambaye kazi yake imefanana na ya mwalimu. Maisha ya Margaret Trowell yanatutaka tuipime upya desturi hiyo.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisomea uchoraji katika shule ya sanaa ya Slade, London, kisha akajifunza ualimu kwa Marion Richardson, mwalimu aliyepinga kunakili. Mwaka 1929 alikuja Kenya pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell, na huko akavutiwa na kazi za mikono za Wakamba. Mwaka 1935 walihamia Uganda. Miaka miwili baadaye alianzisha darasa la sanaa nyumbani kwake mjini Kampala, na darasa hilo dogo ndilo lililokua likawa Shule ya Sanaa ya Makerere. Aliiongoza hadi mwaka 1958. Alifariki mwaka 1985.

Njia yake ilikuwa nyepesi. Badala ya kuweka picha mbele ya wanafunzi, alisimulia tukio. Kila mmoja aliliona kwanza moyoni mwake, ndipo akashika brashi. Kutoka shule hiyo alipatikana Gregory Maloba, mchongaji wa sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala. Walipatikana pia Sam Ntiro na Elimo Njau, wenyeji wa Kilimanjaro. Ntiro alichora maisha ya Wachaga, na picha yake moja ya mwaka 1956 ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York.

Hata hivyo, Trowell alisita kuwaonyesha wanafunzi wake sanaa ya Ulaya, akichelea kuwa wangeiiga. Baadaye wengine walimlaumu, kwani kijana wa Afrika naye ni mrithi wa sanaa ya dunia nzima. Ua, hata ukijengwa kwa upendo, huzuia.

Mtoto wa Isaka huona treni, malori yaendayo Rwanda na ng'ombe warudio jioni. Tukimchorea nyumba yenye dohani ili ainakili, tunamfundisha kwamba aliyoyaona hayana thamani. Basi tumsimulie, tumwache achore, kisha tumwonyeshe na kazi za wengine. Ubao na ubaki mtupu kwanza.