Nikolai Vavilov, Mtafuta Mbegu

Twamkumbuka leo mtaalamu wa mimea ambaye maisha yake yote yalikuwa vita dhidi ya njaa. Nikolai Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887, katika nchi ambayo njaa haikuwa mgeni; ile ya mwaka 1921 iliua mamilioni. Aliamini kwamba tiba imo katika mbegu zilizotawanyika duniani, na kwamba sharti ziendewe huko huko ziliko.

Mwaka 1924 alizunguka Afghanistan kwa miezi mitano, na msafara wake wa farasi ukivuka milima. Katika mashamba ya huko karoti zilikuwa za zambarau na za manjano. Sisi tumezoea ile ya rangi ya machungwa, iliyostawishwa Ulaya baadaye sana. Kumbe ni kitinda mimba katika ukoo mkubwa! Hata karoti-mwitu, yenye mzizi mwembamba, mweupe na mchungu, ni ndugu wa damu. Huchavushana na ile ya shambani bila taabu, na katika chembe zake za urithi mfugaji wa mbegu aweza kupata kinga ya maradhi ambayo karoti ya bustani imekwisha kuipoteza. Mkulima huing'oa kama gugu, nasi hatumlaumu, kwani ikichanganyika na zao lake huliharibu.

Kutokana na safari kama hiyo Vavilov alitoa kanuni mwaka 1926: pahali zao lilipo na aina nyingi kupita kwingine, hapo ndipo penye asili yake. Waliomfuata wameipata kanuni hiyo na kasoro kwa baadhi ya mazao. Kwa karoti hakukosea. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2016 uliungana naye kwamba ililimwa kwanza Asia ya Kati.

Alifika hata Uhabeshi mwaka 1927, akastaajabia wingi wa aina za ngano. Hazina yake ya Leningrad ikapita sampuli 200,000.

Lakini akatokea Trofim Lysenko, aliyezikana chembe za urithi na kuahidi mavuno ya haraka. Stalin akamsikiliza huyo. Vavilov alikamatwa Agosti 1940, akahukumiwa kifo mwaka 1941, kisha adhabu ikageuzwa kifungo cha miaka 20. Alifariki Januari 1943 gerezani Saratov, mji uleule alikokuwa profesa, mwili umekwisha kwa njaa.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Wafanyakazi wake waliilinda hazina ile wakiwa hawana chakula. Mwenye kutunza mpunga alikufa kwa njaa, na mwenye kutunza karanga vivyo hivyo, mbegu zikiwa mikononi mwao.

Hukumu ya Vavilov ilifutwa mwaka 1955. Taasisi aliyoiongoza sasa ina jina lake.