Wakili Aliyetoa Umeme kwenye Gesi

William Robert Grove alizaliwa mwaka 1811 Swansea, Wales. Alisoma Oxford, akawa wakili, lakini afya ikamgomea na kesi zikawa chache. Muda uliobaki akaumalizia kwenye betri. Ile ya zinki na platini aliyoitoa mwaka 1839 ndiyo iliyokuja kusukuma telegrafu za Marekani.

Kidato cha tatu tunafundishwa kwamba ukipitisha umeme kwenye maji unapata haidrojeni na oksijeni. Grove aligeuza somo. Mwaka 1842 alipanga mirija yenye gesi hizo mbili, kila mmoja na utepe wa platini uliochovya kwenye asidi, na umeme ukatoka. Jozi 50 zilitosha kuwapiga shoti watu watano walioshikana mikono!

Platini pale haiungui wala haiishi, inachochea tu. Ila Grove aliona kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko betri yenyewe: kazi inafanyika pale tu gesi, asidi na metali vinapokutana, na pale ni padogo mno. Kwa hiyo tepe zake akazipaka platini ya ungaunga ili uso uongezeke. Mama yeyote wa Kiwalani anajua hili. Chenga za mkaa hushika moto haraka kuliko bonge, ingawa mkaa ni uleule.

Tangu 1841 alikuwa profesa wa London Institution, lakini familia ilikua na mshahara haukutosha. Mwaka 1846 akaacha, akarudi mahakamani. Mwaka 1856 alikuwa kwenye jopo la kumtetea William Palmer, daktari aliyeshtakiwa kuua kwa sumu, na mteja wao akanyongwa. Mwaka 1871 akawa jaji. Alifariki 1896, na betri yake ya gesi bado ilikuwa kitu cha maabara.

Leo inaitwa seli ya fueli, na watafiti bado wapo kwenye swali lake la uso. Platini inatengenezwa kama chembe za nanomita 2 mpaka 5, yaani sehemu chache tu za milioni za milimita, zinatawanywa juu ya kaboni, nyingine zinachanganywa na kobalti au nikeli ili platini itumike kidogo. Huku kwetu umeme ukikatika kinachonguruma ni jenereta. Seli ya fueli ya haidrojeni haingurumi, na inachotoa ni maji. Kinachoizuia kufika Kiwalani ni bei: ya haidrojeni, na ya hiyo platini.