Mtemi Mnywa Sele na Ushuru wa Njia

Msafiri wa reli atokaye Dodoma kwenda Tabora hupita Goweko. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake nchi hizi zilipitiwa na njia ya misafara, kwa Tura, Rubuga na Kigwa. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani. Nguo, shanga na bunduki zilipanda bara. Mali nyingi ilipita. Je, wenye nchi walibakiwa na nini?

Aliyelishika swali hilo kwa nguvu ni Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe. Mtemi Fundikira, aliyemtangulia, aliwaacha wafanya biashara Waarabu wakae Tabora bila ushuru. Mnywa Sele, aliyerithi kiti karibu na mwaka 1859, aliamuru bidhaa ziingiazo nchini zilipiwe. Amri hiyo haikuwa ya ajabu. Wagogo walitoza hongo kila msafara, na matajiri walewale waliitoa. Ila Tabora walikwisha kuzoea kukaa bure.

Vita vikazuka. Waarabu walimfukuza, wakamsimika Mkasiwa, wa ukoo uleule, asiyewadai kitu. Mnywa Sele aliingia porini na watu wake, akaisumbua njia kwa miaka kadhaa. Snay bin Amir, tajiri mkubwa wa Tabora, aliuawa katika vita hivyo. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alijaribu kuwapatanisha, asifaulu. Mwaka 1865 mtemi alikamatwa, akakatwa kichwa.

Hatumsifu kupita kiasi. Ushuru wake ungalitoka pia katika biashara ya watumwa, na raia wengi waliumia kwa ajili ya kiti chake. Stanley alipopita Rubuga mwaka 1871 alikuta mashamba mapana na vijiji vitupu. Tena ukoo uliogawanyika ndio uliowafungulia wageni mlango.

Hata hivyo, haki aliyoidai ilikuwa haki ya kweli. Utawala usio na hazina yake ni kivuli tu, kama alivyoonyesha Mkasiwa, aliyekaa kitini kwa hisani ya wengine.

Leo halmashauri hutoza ushuru wa mazao, na mkulima wa Goweko hulipa. Mnywa Sele alipigania haki ya kutoza. Sisi imetupasa kushika haki iliyo pacha wake, ya kuuliza fedha hiyo imechimba kisima gani, na imejenga darasa gani. Tusipouliza, mali itaendelea kupita njiani, nasi tukiitazama.